Nyusi za Mpiga Pasi

Kila asubuhi, kabla mumewe hajaamka, mpiga pasi alijifungia bafuni na penseli ya wanja akajichora nyusi. Alikuwa mama wa miaka hamsini na ushee. Zile alizozaliwa nazo zilipukutika zamani, alipougua tezi ya shingo. Tezi ilipata dawa, nywele za kichwani zikarudi, lakini nyusi zikaenda moja kwa moja.

Pale kwa dobi walimwita Mama Mvuke, maana kutwa alisimama nyuma ya pasi kubwa inayotema mvuke, akinyoosha mashati ya watu wa ofisini na mashuka ya hoteli. Mvuke huo ndio uliomtia presha. Saa nne haijafika, nyusi moja imeshateremka shavuni. Alikuwa akisingizia haja ndogo na kukimbilia chooni kujichora upya, tena na tena, mpaka mwenzake mmoja akamshauri kwa upole akapime sukari.

Mumewe alikuwa seremala, naye alikuwa mjane kama yeye kabla hawajaoana. Walikutana ukubwani. Mama Mvuke alichumbiwa na nyusi za penseli, akaolewa nazo, na kila siku iliyopita ilizidisha ugumu wa kusema. Ataanzaje?

Siku moja seremala alipita kwa dobi bila taarifa, kumsalimia tu. Mama Mvuke alimwona kupitia dirisha la mapokezi, naye wakati huo alikuwa na nyusi moja. Akajitosa kati ya makoti yaliyotundikwa, akamnong'oneza dada wa mapokezi, "Mwambie nimetoka!" Alimsikia mumewe akiuliza kama amekula, kisha akiaga. Alibaki mle kwenye makoti, akijionea aibu. Jioni ile ile akapanda ngazi kwenda kwa fundi wa nyusi, anayezichanja kwa rangi ndani ya ngozi.

Fundi alikuwa binti mpole mwenye chumba juu ya duka la vifaa vya umeme, chumba kisafi kinachonuka spiriti. Mama Mvuke alimwonyesha picha kwenye simu: nyusi nene, nyeusi tii.

"Shangazi, hizi ni za msichana," fundi alisema. "Nikikuwekea wewe, utaonekana umenuna mpaka wajukuu wakukimbie. Tutafanya kahawia, nyembamba kidogo. Kuongeza ni rahisi, kutoa ndiyo kazi. Unatumia dawa yoyote?"

"Ya tezi."

"Basi kamuulize daktari wako kwanza. Na leo nakupaka rangi kidogo nyuma ya sikio, tuone kama ngozi inaikubali. Kazi yako ni ipi?"

"Napiga pasi. Kwa dobi."

Fundi akaweka chini kijiti chake cha rangi. "Mvuke na jasho? Hapo tusidanganyane. Rangi haitashika. Mpaka ngozi ipone, usiguse mvuke, wala jua, wala maji usoni. Na magamba yakianza kutoka, usiyasaidie."

Daktari aliruhusu, na sikio halikuwasha. Bosi naye, baada ya kubembelezwa sana, akakubali Mama Mvuke abadilishane na dada wa mapokezi kwa muda. Dada wa watu alinuna, lakini akaenda kwenye pasi. Hapo ndipo Mama Mvuke alipong'amua alichojifanyia: katika siku ambazo uso wake utakuwa kioja, atakaa mbele, wateja wote wamtazame.

Siku ya kazi fundi alimpima ameketi wima, kwa sababu uso ukilala nyusi nazo huhama. Alichora, akafuta, akachora tena. Kisha kikaja kisu cha kuchanjia rangi, chembamba kama unywele, kikikwaruza pole pole. Dawa ya ganzi ilipunguza maumivu, haikupunguza hofu. Itakuwaje akipiga chafya? Itakuwaje moja ikipanda juu, ashangae maisha yake yote? Alipopewa kioo, machozi yalimlengalenga. Zilikuwa nyusi, za mtu wa umri wake.

Asubuhi yake zilikuwa nyeusi kama masizi, zimevimba. Mumewe alikuwa ameambiwa tu kwamba "nimerembesha nyusi kidogo", naye akasema, "Haya." Wifi yake, dada wa seremala, alipopita hakujizuia.

"Wifi! Umepaka lami?"

"Zitapungua," alijibu. Na zisipopungua je?

Kisha ukaja muwasho. Mchana aliikalia mikono yake nyuma ya kaunta. Usiku alilala na soksi mikononi. "Baridi?" mumewe aliuliza. "Kidogo," alisema, na jasho linamtoka.

Magamba yalipodondoka, chini yake hakukuta kitu. Ngozi tupu, ya waridi. Alimpigia fundi simu kwa sauti ya kulia.

"Ndivyo inavyokuwa, shangazi. Rangi imefunikwa na ngozi mpya, itapanda taratibu. Usipake chochote juu yake. Hata wanja, tafadhali."

Hata wanja. Mumewe alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mtandio umemfunika mpaka puani.

"Una nini, mama?"

Akaufunua mtandio. Seremala alimkodolea macho muda mrefu.

"Mbona unanitazama hivyo?"

"Nataka kujua umekasirika au vipi. Bila nyusi siioni alama."

Basi akamwambia yote: tezi, penseli, bafuni, hata makoti. Alingoja aambiwe amemdanganya mtu. Mumewe alikuwa amekunja uso, anafikiri.

"Kwa hiyo ule weusi kwenye foronya ni wako?"

"Nisamehe."

"Nilidhani ni wangu! Wa piko ya nywele." Akajishika kichwa. "Napaka kule karakana. Nywele zangu zote ni mvi, mama. Unafikiri kwa nini nazifua foronya mwenyewe?"

"Na mimi nimewatambia watu kwamba nimepata mume anayefua!"

Walicheka mpaka wakashikiliana. Lakini alipokwenda kujitazama kwenye kioo wasiwasi ulikuwa palepale. Mume kujua hakukuleta rangi.

Rangi ilianza kupanda kama fundi alivyosema, kwanza kivuli, halafu vinyweleo. Ila nyusi ya kushoto ilibaki na pengo.

"Ulikuna," fundi alisema Mama Mvuke aliporudi kujaziwa.

"Usingizini. Soksi ilichomoka."

Fundi alijaza pengo, na magamba yakaja mara ya pili. Safari hii Mama Mvuke alijua kinachokuja, na bado alimpigia simu kila rangi ilipofifia. Mwishowe zikatulia. Ya kushoto imepauka kidogo kuliko mwenziwe; asiyeambiwa haoni, lakini yeye huiona kila siku, na ameshaulizia ni lini zitahitaji kuguswa tena. Dada wa mapokezi alirudi kwenye kaunta yake kwa furaha. Mama Mvuke alirudi kwenye pasi, taulo ndogo shingoni, akawa anadonoa jasho la kipaji cha uso bila kusugua, kwa woga, kama mtu anayekausha picha ya rangi ambayo bado ni mbichi.