Unatoa au Unatolewa?

Mstari wa buluu uliochorwa sakafuni uliwapitisha mbele ya maabara, ukapinda kushoto, ukapita jiko lililojaa mvuke, na walipofika kwenye ngazi ukakatika.

"Aliyechora aliishiwa rangi," Brashi alisema. Alikuwa fundi rangi wa majumba, na tangu waingie katika hospitali hii wasiyoijua alikuwa akisoma kuta: hapa walipaka kabla ukuta haujakauka, pale walipiga mkono mmoja wa rangi badala ya miwili.

"Twende," Baba Mdogo alisema. "Hukuja kukagua rangi."

Alichojia kilikuwa kimeamuliwa na kikao cha ukoo. Figo zote mbili za kaka yake, Mwalimu, zilikuwa zimekufa, hata mkojo ulikuwa umekatika. Mara tatu kwa wiki alikaa kando ya mashine ikimsafishia damu kwa saa nne nzima. Ndugu wote walipimwa, na aliyelingana naye ni Brashi, kitinda mimba. "Hana mke wala mtoto," shangazi alisema, "figo mbili za nini?" Watu wakacheka, na Brashi naye akacheka, maana asingecheka wangeiona hofu yake. Hiyo ilikuwa miezi miwili iliyopita.

Juu ya ngazi walipata mlango wa mshauri, mama wa makamo aliyefunga miwani yake kwa uzi. Alimwingiza Brashi, akamzuia Baba Mdogo.

"Mimi ndiye msemaji wa familia."

"Figo ni yako, baba?"

"Hapana. Ni ya huyu."

"Basi atasema huyu." Akafunga mlango.

Alifungua faili. "Haya mwanangu, umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kutolewa figo, mama."

Kalamu ikasimama. "Unatoa au unatolewa?"

"Si ni yale yale?"

"Jino bovu hutolewa. Mlevi hutolewa nje. Hapa fomu inataka neno moja, natoa, na wa kulisema ni wewe peke yako. Kuna aliyekutisha?"

"Hakuna."

"Aliyekuahidi kitu je? Kiungo cha mtu hakiuzwi."

"Baba Mdogo ameahidi kuacha kuniita mzigo."

Mama alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamweleza bila kupamba. Mtu mwenye afya huweza kuishi na figo moja, ila atapimwa kila mwaka maisha yake yote, kwa sababu hiyo moja ikiugua hana akiba. Upasuaji una maumivu, unaweza kuleta damu nyingi, na mara chache sana huua. Ngazi na ndoo za rangi asiziguse kwa wiki sita au zaidi. Mwalimu naye atameza dawa kila siku, la sivyo mwili wake utaifukuza figo kama mgeni asiyealikwa, na hata akimeza, siku moja inaweza kugoma.

"Nikikataa?"

"Unaondoka, hata kama umeshalazwa mezani. Familia itaambiwa hufai kuchangia, basi. Sababu inabaki humu kwenye faili."

Brashi akautazama mlango. Miezi miwili alidhani amefungiwa, kumbe mlango ulirudishiwa tu. Mabega yake yakashuka. Hakusaini. Aliomba siku moja.

Alimkuta Mwalimu kwenye mashine, mpira wa damu umebandikwa mkononi.

"Nasikia umekuja kukatwa," Mwalimu alisema.

"Nasikia nina ruhusa ya kukataa."

Mwalimu aliangalia mpira ule. "Basi kataa. Mimi sikukuomba. Nilikuwa nakuchapa kwa kushindwa hesabu, leo nikuombe figo? Niliona haya."

"Ulisema sijui kugawanya."

"Hukujua."

"Figo mbili kwa watu wawili. Hiyo naijua."

"Usinitanie, mdogo wangu."

"Sikutanii. Kesho narudi kwa yule mama. Na Baba Mdogo akae nje tena."

Mwalimu alijifuta macho kwa mkono uliokuwa huru.

Brashi alisaini, vipimo vingine vikafuata, na jopo la madaktari likawahoji wote wawili. Mwezi uliofuata Brashi alizinduka ubavu ukiwaka moto. Kabla hajauliza, muuguzi alimwinamia. "Figo ilianza kutoa mkojo kabla hatujamshona kaka yako."

Huko nje, ukoo ambao haukuthubutu kutaja mkojo mbele ya wakwe sasa ulikuwa ukiulizana rangi yake. Baba Mdogo, mzee wa heshima zake, alimsimamisha hata mfagizi. "Lita tatu tangu asubuhi," alimwambia.

Siku ya tano Brashi aliruhusiwa, maana mtoaji hutangulia kwenda nyumbani. Alisimama mlangoni kwa kaka yake akiwa na barakoa, wakapungiana mikono. Akashuka ngazi taratibu, kiganja ubavuni. Baba Mdogo alimbebea mfuko nyuma yake, akimwonya juu ya kila kipandio.

Mwalimu alibaki dirishani mpaka walipopotea langoni. Kisha akabonyeza kengele, akamwomba muuguzi amshike mkono waende chooni, kwa mara ya nne asubuhi hiyo, na muuguzi hakunung'unika.