Kahawa ya Mama Mkubwa

Kahawa mbichi ikichemshwa na mchaichai, harufu yake hutoka jikoni ikakufuata mpaka mgombani. Kwetu Kishanda, kule Muleba, nilikozaliwa, mgeni hasemi neno lake kabla hajatafuna kahawa ya mwenye nyumba. Msimu ule baba mkubwa alipofariki, aliyeichemsha na kuianika alikuwa mjane wake, mama mkubwa Kokushubila. Alikuwa na mabinti tu. Wanaume wa ukoo walikaa juu ya nyasi mpya alizotandika yeye mwenyewe, naye akapiga magoti akipitisha kikapu. Wakatafuna. Baba yangu, mdogo wa marehemu, akatema makapi, akajifuta mdomo.

"Shemeji, kahawa yako tamu. Sasa rudi kwenu."

"Kwetu wapi? Kaka yangu amepanda migomba mpaka mlangoni."

"Basi ukamsaidie kupalilia," mzee mmoja akasema. Wakacheka, huku kahawa ya mjane ingali midomoni mwao.

Kile kibanja, migomba na mibuni na nyumba, tukahamia sisi. Nililala kitandani pa binti zake. Darasa zangu nne, ambazo najivunia maana najua kusoma jina langu, zililipwa kwa mibuni aliyoihangaikia yeye. Baba alinipenda, siwezi kusema vingine. Lakini nikimwona mama mkubwa gulioni akiuza ndizi za kuchoma, uso uliniwaka. Naye hakuwa na kinyongo na mtoto. "Mwanangu, mbona umekonda? Njoo ule." Nilikula nikiangalia chini. Alikuwa ananilisha mara ya pili, na mara ya kwanza, kwa kibanja chake, hatukuwa tumekaribishwa.

Mwaka huu, hapa Nyanga nilikoolewa, kitinda mimba wangu amefariki. Ameacha mke na mabinti. Kaka zake wakaja kwenye kikao cha wazee wa ukoo na bodaboda tatu, wamevaa viatu vya ofisini. Mkwe wangu akaleta kahawa. Nikakipokea kikapu, nikakipakata.

"Mama, pitisha basi tuanze," mkubwa wao akasema.

"Tuanze nini? Mkishatafuna mmfukuze? Hii ni kahawa ya nani?"

"Mama, hayo ni mambo ya ukoo."

"Na huo ukoo ulitoka tumboni mwa nani? Sema kibanja ni cha nani, ndipo utafune."

Walikaa midomo mikavu mpaka jua likahama ukutani. Mwishowe mkubwa akasema, akitazama viatu vyake, kwamba shemeji atabaki na kibanja chake. Nikamwambia arudie, wazee wasikie. Kesho yake nikampeleka kwa mtendaji wa kijiji, neno lake likaandikwa. Siku hizi sheria ipo, hata mtu wa darasa la nne ameisikia.

Watu wananisifu, nami nakumbuka kwetu. Kishanda, baba mkubwa na baba yangu wamelazwa mgombani, jirani kabisa. Mama mkubwa alizikwa mbali, kando ya choo cha kaka yake. Ubavuni kwa mumewe, pale palipokuwa pake, baba alipanda mbuni, na hadi leo unazaa vizuri.