Nilipokwenda Usseri Kumpima Baba Macho

Nilikwenda Usseri kwa sababu nilichoka kusikia baba yangu akiitwa mwenye dharau. Nianze na hilo, kwa faida ya wasiotufahamu. Kwetu Usseri, wilayani Rombo, mbuzi hachinjwi akaliwa ovyoovyo. Kila kipande kina mwenyewe, na katika ukoo yupo mtu mmoja anayeshika kisu na kugawa. Kwetu kisu alikishika baba, Mzee Valeriani, tangu mimi sijaolewa, maana babu alimwona ana mkono mtulivu na hana upendeleo. Kidari ni cha kaka yake, Baba mkubwa Aloisi. Hata watoto wetu wa chekechea wanajua hilo.

Krismasi ya mwaka juzi baba aliinua kidari mbele ya watu wote, akamkabidhi mdogo wao, Baba mdogo Feliki. Feliki alipokea kwa kuchanganyikiwa, hata asante hakusema. Baba mkubwa alikuwa ameketi kushoto kwa baba, hatua mbili tu. Aliinuka, akachukua fimbo na kofia yake, akaenda zake bila kuonja kitu. Vihamba vyao, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, vimetenganishwa na mfereji, na mwezi ule walikuwa wamezozana juu ya zamu za maji, basi kila mtu akasema hilo ndilo jibu la Valeriani. Wengine walisema ni mbege, pombe yetu ya ndizi. Mimi nilikuwa upande wa mbege, na leo ninaona aibu kuliandika hili.

Tangu siku hiyo ndugu hao hawajasalimiana. Wifi yangu, Mama Kelvini, anayeishi na baba tangu mama afariki, alikuwa akinipigia simu kunieleza mengine: mzee amemwaga chai nje ya kikombe, mzee amegonga paji la uso kwenye boriti ya zizi, mzee amechuma kahawa mbichi pamoja na iliyoiva. Siku ya kahawa mbichi ndipo nilipoacha kufikiria mbege. Mtu aliyechuma kahawa tangu utotoni hachanganyi nyekundu na kijani kwa sababu ya ulevi. Nikasema, ni macho tu, anahitaji miwani. Lile neno "tu" lilikuwa langu mwenyewe, hakuna aliyenipa.

Mimi ni fundi cherehani, Majengo, Moshi mjini. Bi Zuhura, mwenye nyumba niliyopanga, alitumiwa na binti yake aliye ng'ambo kidude cha kupimia macho nyumbani. Ni kama darubini fupi. Unakifunga juu ya kioo cha simu, unachungulia kwa jicho moja, na ndani unaona mistari miwili, mmoja mwekundu na mwingine wa kijani. Unabonyeza kitufe mpaka mistari ikutane na kuwa mmoja wa njano. Unarudia mara kadhaa, mistari ikigeuka kila mara, kisha simu inakupa namba za miwani. Nilijipima, nikazipeleka namba zile kwa mtengeneza miwani, na tangu hapo natunga uzi kwenye sindano bila kulamba uzi mara kumi. Mnaweza kufikiria jinsi nilivyokiamini. Nilimwomba Bi Zuhura aniazime.

"Chukua mwanangu," aliniambia. "Lakini kinapima miwani hicho, si maradhi. Binti yangu kasisitiza."

Nikaitikia, ndiyo, ndiyo, huku nikikifunga kwenye kanga.

Jumamosi asubuhi, stendi ya Moshi. Mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni, na abiria mwenzangu aliyekuwa akipeleka vitenge Tarakea alisema hiyo ni ishara ya safari njema. Nilikubali, maana sikuwa na sababu ya kubisha. Tuliondoka saa mbili.

Himo tulisimama wengine wanunue vitunguu. Hapo njia inagawanyika: ukinyoosha unafika Holili na mpaka wa Kenya, ukipinda kushoto unapanda Marangu na Rombo. Tulipinda. Kuanzia Marangu hewa ilianza kupoa, nikajifunga kitenge cha pili. Migomba ilikuwa imependeza, ila kahawa inapungua kila nikipita. Palipokuwa na mibuni sasa wamepanda maparachichi. Mwika, kisha Mkuu, kisha nikaanza kuhesabu makanisa ya vigango mpaka la kwetu, nikateremka na kupanda pikipiki ya kuniingiza ndani.

Saa saba mchana nilimkuta baba ameketi kizingitini mwa jikoni, jua likimpiga mgongoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama yangu. Za Moshi?"

Alijibu haraka, lakini uso wake uligeuka kwanza upande ambao sikuwapo. Nililiona hilo. Nikasema moyoni, miwani itaondoa yote haya.

Mama Kelvini alikuwa amepika kiburu, ndizi na maharage, akatutengea. Baba alikula taratibu, kidole kimoja kikitangulia kwenye ukingo wa sahani. Nikamweleza juu ya kifaa. Alikisikiliza kisa chote, akapapasa kidude chenyewe, akakisifu kwa wepesi wake. "Umehangaika kweli," alisema. "Umetoka mjini na mzigo huu kwa ajili yangu?" Nilifurahi kama mtoto aliyesifiwa daftari.

Jumapili baada ya misa tulikaa sebuleni, nikafunga mapazia. Nilimpima jicho la kulia kwanza.

"Unaona mistari, baba?"

"Naona."

"Bonyeza hapa. Ikikutana niambie."

"Imekutana."

Ilikutana upesi mno. Nikageuza, akabonyeza, imekutana. Tena, imekutana. Mwishoni simu ikaandika kwamba majibu hayaeleweki, rudia. Tulirudia mara tatu. Mara zote simu ilikataa, nami nikaanza kuilaumu simu, nikaifuta kioo kwa upindo wa gauni.

Tukaenda jicho la kushoto. Baba aliinama, akachungulia, akabonyeza. "Imekutana," alisema. Nilitazama chini kugeuza mistari, nikaona kioo cha simu ni cheusi. Ilikuwa imezimika. Nilisahau kuichaji tangu Jumamosi.

Baba akabonyeza tena kwenye giza lile. "Na hii nayo imekutana, mama," alisema kwa sauti ya upole, sauti ya kunipa moyo.

Nilimwondolea kidude usoni. Nilitaka kucheka na kulia, nikalia.

"Baba, simu imezimika. Hakuna mistari."

Nje Mama Kelvini alikuwa akiwafukuza kuku kwenye maharage.

"Jicho hili la kushoto halina kitu," baba alisema. "Nikifumba la kulia ni usiku. La kulia linaona mbele, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Hiyo mistari yako niliona kipande, nikakisia kilichobaki."

"Tangu lini?"

"La kushoto lilianza kabla mama yako hajafa."

"Na hukusema?"

"Ningesema kwa nani? Mwenye kisu akisema haoni, kisu kinaondoka siku hiyohiyo. Kisha anakuwa mzee wa kupewa chakula kizingitini." Alipangusa macho kwa kiganja. "Krismasi ile nilimtafuta kaka kwa masikio. Nilisikia mtu anakohoa kando yangu, kama anavyokohoa kaka, nikajua ni yeye. Kumbe ni Feliki ana mafua."

Hapo ndipo nilipofahamu. Mwaka mmoja na nusu watu wa damu moja wamepitana mferejini wakitazama chini, kwa sababu ya kikohozi. Na mimi nilikuwa nimekwenda pale na kidude cha kuazima nikidhani ninamletea msaada. Nilimuuliza kwa nini basi amenidanganya hata mimi, peke yetu chumbani. Akasema, "Ulikuja na furaha."

Jumatatu alfajiri tuliteremka naye Moshi. Njiani alitaka kiti cha dirishani, nikamwachia. Alikaa ameelekeza uso nje mpaka Himo, akiniuliza mara mojamoja tumefika wapi, nami nikimtajia.

Hospitalini tulikaa foleni mpaka saa sita. Walimpima presha ya macho, wakamtia dawa, wakamchungulia kwa taa, kisha wakamketisha mbele ya mashine yenye taa ndogondogo zinazowaka huku na huko. Kila ukiona taa unabonyeza. Nilisimama nyuma yake nikimwomba Mungu amjalie abonyeze. Taa ziliwaka nyingi, kidole chake hakikutikisika. Safari hii hakudanganya. Nadhani hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kumwona anasema kweli.

Daktari, dada mdogo kuliko mimi, alimwita babu na kumshika mkono alipokuwa akisema. Presha ya macho imekula mshipa wa fahamu, polepole, bila maumivu. Kilichopotea hakirudi, si kwa miwani wala kwa upasuaji. Kuna matone ya kuweka kila siku maisha yake yote, ili kile kipande cha kulia kibaki. Kitabaki muda gani, hakuweza kuahidi.

"Nilimpima nyumbani kwa simu," nikasema, sijui kwa nini. Labda nilitaka anilaumu.

"Vile vifaa vinatafuta namba za miwani," alinijibu. "Hili havilioni. Heri uliacha kukiamini mapema. Mzee ana ndugu?"

"Kaka mmoja na mdogo mmoja."

"Walete. Na wewe ukae hapo kwenye kiti nikupime."

Nilikaa. Presha yangu ni nzuri kwa sasa, lakini nitapimwa kila mwaka. Bi Zuhura nilimrudishia kidude chake jioni ile, akaniuliza kimefaa? Nikakiweka mezani kikiwa bado ndani ya kanga. Alinielewa, akanitilia chai.

Jumatano tulipanda tena. Tulipofika Usseri baba hakutaka kupumzika. Alimwomba Mama Kelvini akate jani la isale pale mpakani mwa kihamba. Kwa asiyejua, kwetu mtu akikukosea akaja na jani hilo, humfukuzi, hata kama kosa lake ni kubwa namna gani. Baba alilishika kwa mikono miwili. Nilimshika kiwiko tukavuka mfereji kwa ubao, ubao uleule ambao miaka yote alikuwa akiuvuka na debe la maji kichwani bila kutazama miguu.

Saa kumi hivi tulimkuta Baba mkubwa Aloisi uani anaanika kahawa. Alituona, akaendelea kusambaza kahawa kwa kiganja.

"Shikamoo Baba mkubwa," nikasema.

"Marahaba." Macho hayakuinuka.

Baba aliachia mkono wangu. Alipiga hatua kuelekea ilikotoka sauti, akanyoosha jani. "Kaka, siku ile sikukuona. Sisemi kwamba sikukuheshimu. Nasema sikukuona. Jicho moja limekufa na la pili liko njiani. Nilijua, nikaficha, nikaacha utukanwe mbele ya wadogo zako."

Baba mkubwa aliacha kahawa. Alinitazama mimi, nami nikatikisa kichwa kukubali. Alikuja mpaka karibu kabisa, akapitisha mkono wake polepole upande wa kushoto wa uso wa baba. Kope hazikucheza.

"Valeriani," alisema. "Mimi nilisimama kwenye kikao cha ukoo nikasema wewe ni mlevi."

"Nilisikia."

"Mbona hukujibu?"

"Mlevi anaweza kuacha pombe akaachiwa kisu. Kipofu je?"

Baba mkubwa alilipokea jani. Alilikunja taratibu na kulitia mfukoni mwa shati, upande wa moyo. Nilimwambia kwamba daktari anamtaka na yeye apimwe, maana ugonjwa huu hupita kwenye damu. Akasema atakwenda, wiki ijayo, tena pamoja na Feliki. Alileta viti. Wakakaa uso kwa uso, magoti yakikaribia kugusana, na Baba mkubwa ndiye aliyekisogeza kiti chake mbele ya jicho la kulia.

"Kisu ni chako," Baba mkubwa alisema. "Krismasi hii utagawa wewe. Nitakaa hapa mbele, utaniona."

Nilidhani baba angefurahi. Kwa ajili ya kisu hicho alikuwa ameacha macho yake yaoze kimyakimya, akagombana na ndugu, akanidanganya mimi mwanawe. Akatikisa kichwa.

"Hapana, kaka. Nimekuja kuomba radhi na kukirudisha. Mpeni Feliki."

Hakuna aliyembembeleza. Nilijifunza jambo moja katika safari hii, nalo halinifariji: kwa mwaka mmoja na nusu tulimshangaa baba, tulimcheka, tulimsema, na hakuna hata mmoja wetu aliyekaa naye na kumuuliza anaona nini. Angetujibu, nadhani. Hata mtu mmoja tu angemuuliza, angejibu.

Kabla hatujaondoka nilimwekea matone yake ya kwanza ya siku hiyo. Aliinua uso, nikamfungua kope kwa vidole.

"Feliki ana haraka," alimwambia kaka yake, uso ungali juu, dawa ikimtiririka mashavuni. "Mfundishe kidari kinavyokatwa. Na mwambie kwanza atazame watu wote wamekaa wapi."