Ezéchiel na Neno la Mbangladeshi

Ezéchiel anaionea wivu hata feni ikimpepea mkewe. Namjua tangu kwetu Uvira na sioni haya kusema hivyo. Mchana hubeba maboksi kwenye ghala moja la Mobeni, hapa Durban, lakini roho yake iko sokoni Warwick, katika duka la mablanketi la Mofizul, Mbangladeshi, ambako mkewe Huguette anauza. Mimi nasuka nywele mlangoni mwa duka hilohilo, kwa hiyo amenifanya shahidi wake.

"Banaongeaka nini mule ndani?" huniuliza.

"Mablanketi."

Haniamini. Jumamosi moja alitoroka kazini mapema, akajificha nyuma ya mapazia yaliyotundikwa kwa kuuzwa. Akamsikia Mofizul akisema kwa sauti ya chini, "Amar bari." Huguette akarudia polepole, kama mtoto anayefundishwa sala: "Amar bari."

Sisi tuliokalia madawati ya Kifaransa, hata kwa miaka michache, neno *amour*, mapenzi, halitupiti. Ezéchiel alitoka na pazia begani.

"Amour gani hapa? Mimi bado niko muzima, nanyi muko munaitana amour?"

Mofizul hajui Kiswahili, na Huguette huongea naye Kiingereza cha dukani, ila uso ule aliuelewa. Akamgeuzia simu haraka. Ilikuwa ramani, maji matupu ya kahawia, na kidole chake kimegota katikati ya maji.

"Amar ni 'yangu'," Huguette akasema. "Bari ni nyumba. Nyumba yake ilikuwaka pale."

Akaeleza bila kumtazama. Nchi ya Mofizul ni tope lililoletwa na mito, tambarare, hata jiwe hakuna. Wakitaka kokoto huchoma matofali kisha huyaponda. Mto unakula ukingo huu, ng'ambo unaacha kisiwa cha mchanga. Watu wanang'oa mabati yao, wanahamia kisiwani, mpaka nacho kiliwe. Huko chini zaidi bahari inaingiza chumvi kwenye mpunga. Baba yake Mofizul amehama hadi amechoka kupanda miti.

Ningekuwa Ezéchiel ningeomba radhi palepale. Yeye akazidi kuvimba.

"Na wewe ulimuambia nini?"

"Ya kwetu. Vile mto Mulongwe ilibeba nyumba, na mama ndani."

Mikono yangu ikasimama kichwani mwa mteja. Tangu mafuriko yale sikuwahi kumsikia Huguette akiutaja mto huo, wala kumwona akimlilia mama yake. Ezéchiel pia hakuwahi. Alijikalisha juu ya rundo la mablanketi, na wivu uliomjaa sasa ulikuwa mwingine, mbaya kuliko ule wa kwanza. Alimwonea Mofizul wivu kwa machozi ya mkewe.

"Juu ya nini mimi haukuniambia?"

"Ulikataza. Ulisema tumefika Durban, ya Uvira yabakie Uvira."

"Ni kweli, nilisema." Akajifuta uso kwa ncha ya pazia. "Basi niambie leo. Nitasikiliza yote."

Huguette alichukua blanketi, akalikunja mara mbili, akalipanga pamoja na mengine. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma hata mimi.

"Leo hakuna kitu, Papa. Nililia hapa. Ilishaisha."