Ngao ya Hesta

Raelene Tunks aliacha shule akiwa na miaka kumi na minne, mama yake alipougua na wadogo zake watatu wakakosa wa kuwapikia. Hakuna aliyekuja kumuuliza kama atarudi. Sasa alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na siku tano za wiki alisimama kiwandani katika mji wa Ulverstone, kwenye mkanda unaosogeza viazi, akichambua vilivyooza. Kusoma alijua, lakini polepole, kidole kikifuata neno, na hakupenda kutazamwa akisoma.

Jumamosi mchana ilikuwa yake. Kwa miaka tisa alikuwa akikutana na wenzake watatu kwenye ukumbi wa maskauti, wakicheza mchezo wa mezani wa mashujaa, majitu na ngome. Mpiganaji wake aliitwa Hesta, mwanamke wa shoka na ngao, sanamu ndogo kama kidole gumba ambayo Raelene aliipaka rangi mwenyewe. Hesta alianza mchezo akiwa na fimbo tu. Shoka alilipata mwaka wa pili, ngao mwaka wa tano. Hakuna kitu kingine maishani mwake ambacho Raelene alikijenga miaka yote hiyo bila mtu kuja na kukichukua.

Na mpiganaji akifa mezani pale, basi amekufa kweli. Vilabu vingine huwafufua wafu wao. Wao walikuwa na ubao ukutani, juu ya hita, na mfu alibandikwa pale kwa gundi kali, asishuke tena. Mwenye mfu alianza upya na mgeni asiye na kitu. Desturi hiyo waliipitisha wote wanne, na waliipenda kwa kuwa iliwafanya wacheze kwa moyo.

Jumamosi hiyo ya Juni mvua ilipiga bati tangu saa sita. Clive Pengelly, mwalimu mstaafu wa sekondari, ndiye aliyeendesha maadui siku hiyo, zaidi ya mpiganaji wake mwenyewe. Ndiye pia mtunza sheria: kitabu cha mchezo kilikaa mbele yake, na juu yake daftari la kijani la maamuzi. Sheria ikiwa haieleweki, ilisomwa, ikabishaniwa, wakapiga kura, na Clive akaandika. Kura zikifungana, yake ilihesabiwa mara mbili.

Hesta alikuwa amebakiwa na uhai wa nukta tatu. Jitu la kwanza likampiga nne. Ngao yake huzuia tatu, ikapenya moja. Akabaki na mbili. Jitu la pili likaja kwa nyuma, likampiga moja. Raelene akasogeza kigingi chake cha kuhesabia uhai.

"Nimebaki na moja. Zamu yangu."

"Subiri, dada yangu," Clive akasema. Akavaa miwani na kusoma kitabuni. "'Mpiganaji anayeshambuliwa na maadui wawili hupoteza kinga ya ngao yake.' Maadui ni wawili. Ngao hakuna. Nne na moja ni tano. Samahani, Rae. Amekufa."

"Ngao hakuna kwa huyo wa pili. Wa kwanza alishapiga, nikamzuia."

"Kitabu hakisemi wa kwanza wala wa pili."

"Hakisemi, ndiyo maana tulishaamua. Miaka minne iliyopita. Oswin wako na wale mbwa mwitu wawili."

Oswin alikuwa askari wa farasi wa Clive, na alikuwa hapo hapo mezani, koti lake la bluu liking'aa. Raelene aliikumbuka siku ile neno kwa neno, maana asiyeandika hana budi kukumbuka. Mbwa mwitu wawili, uhai umekwisha, Clive uso umempauka. Raelene ndiye aliyemtetea. Alisema mtu ana mkono mmoja wa ngao. Akimgeukia wa kwanza, wa pili atampata mgongoni, lakini pigo lililokwisha kuzuiwa haliwezi kurudi nyuma na kumuua. Wote wakakubali, na Clive akamkatia kipande kikubwa cha keki.

"Sikumbuki," Clive akasema.

"Hukumbuki."

"Kama ni uamuzi, utakuwa kwenye daftari. Sheria ni za kusoma, Rae, siyo za kukariri kama kasuku." Akafunua kurasa mbili tatu. "Sioni."

Gwenda Marriott, muuza maua, akatazama kikombe chake. Dougal Oldaker, fundi wa matrekta, akatafuna mkate wake wa soseji taratibu kuliko ulivyohitaji.

Raelene akanyoosha mkono. "Lete hilo daftari."

"Mwandiko wangu ni mgumu kidogo."

"Nimesema lete."

Miaka tisa hakuwahi kuligusa. Akaweka kidole kwenye ukurasa, akaanza. Midomo yake ilisogea, na alijua inasogea, na alijua wanaitazama. Dougal akakohoa. Clive akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ukurasa wa tatu, wa nne, wa tano. Masikio yalimwaka moto hadi shingoni. Kwenye ukurasa wa saba kidole kikasimama, naye akasoma kwa sauti, neno baada ya neno, kama mtu anayeng'oa misumari.

"'Ngao ya Oswin. Imebaki kwa adui wa kwanza, kwa kuwa Oswin alikuwa darajani. Hoja ya Clive.'"



"Hoja ya nani?" Raelene akauliza.

"Aa, nilifupisha tu."

"Na daraja limetoka wapi? Gwenda, kuna mtu alitaja daraja siku ile?"

"Mimi sikumbuki daraja," Gwenda akasema. "Namkumbuka Rae akisimama, ameshika mfuniko wa sufuria kama ngao. Tulicheka sana."

"Lakini imeandikwa darajani," Clive akasema, na sauti ya darasani ikamrudia. "Hesta yuko uwanjani. Basi uamuzi ule haumhusu. Tupige kura. Ngao imepotea kwa wote wawili?"

Akainua mkono wake. Dougal akainua wake nusu. "Kilichoandikwa kimeandikwa, Rae. Usinichukie."

Gwenda alikuwa upande wa Raelene. Mbili kwa mbili.

"Ya kwangu mara mbili," Clive akasema. "Inaniuma, kwa kweli." Akalivuta daftari, akaandika, akaliweka kando, akaisogeza chupa ya gundi katikati ya meza.

Raelene hakuigusa. Alikumbuka mstari uliowahi kusomwa mezani pale. "Nisomee habari ya madaraja. Ukurasa wa kumi na nne, chini, mstari wa mwisho."

"Ya nini tena?"

"Si sheria ni za kusoma? Soma."

Clive akafungua kitabu. Akautazama mstari kwa muda mrefu kuliko mstari wenyewe.

"Mzee, soma," Dougal akasema.

"'Daraja huhesabiwa kama ardhi ya kawaida. Halimpi mpiganaji faida yoyote.'"

"Yoyote," Raelene akarudia. "Basi Oswin alikuwa uwanjani kama Hesta. Umeamua sasa hivi, kwa kura mbili, kwamba ngao inapotea kwa wote wawili. Kwa hiyo Oswin ni maiti wa miaka minne. Hapa tumekuwa tukicheza na mzoga."

Gwenda akaziba mdomo kwa kiganja. Dougal akasema, "Ameshakunasa, bwana."

Clive akacheka kidogo, akakunja mikono. "Haya, haya. Huu ni mchezo tu. Tumwache Hesta aishi. Kwa leo. Mimi nakupa."

"Unanipa nini?"

"Uhai wake. Kwa hisani."

"Sitaki hisani yako. Andika kwamba ngao hubaki kwa wa kwanza, daima, kwa yeyote, na kwamba hoja ilikuwa ya Raelene Tunks. Ukiandika hayo, Hesta ataishi na Oswin ataishi."

Kalamu ilikuwa mkononi mwa Clive. Wote waliiona. Angeweza kuandika, ni mistari miwili tu, na mtu huyu alikuwa amewasahihisha watoto wa watu miaka thelathini.

"Siwezi kubadilisha daftari kwa sababu mtu amekasirika," akasema.

"Vizuri."

Raelene akamchukua Hesta kwanza. Hakutaka mtu mwingine amshike. Akamtia tone la gundi miguuni, akaenda kwenye ubao, akambonyeza, uso wa Hesta ukitazama ukumbi.   Kisha akarudi mezani akamshika Oswin, farasi na yote.

"Huyo ni mali yangu," Clive akasema, akainuka ghafla, kiti kikakwaruza sakafu nyuma yake.

"Ni mfu wako. Keti."

"Gwenda, mwambie."

"Nimwambie nini, Clive? Umepiga kura mwenyewe."

Raelene akamwagia farasi gundi kwato zote nne, akambandika kando ya Hesta, akambonyeza na kungoja. Nyuma yake Clive alikuwa akisema kuhusu heshima, kuhusu wageni wa klabu watakaouona ubao, kuhusu miaka yake yote ya kuwahudumia. Hakugeuka. Gundi ilipokwisha kukauka ilikuwa imemshika na yeye kidole gumba, akakivuta kwa nguvu hadi kikaachia.




"Jumamosi utakuja?" Gwenda akauliza kwa sauti ndogo, akimpa kitambaa.

"Nani kasema siji?" Akalichukua daftari la kijani mbele ya Clive, akalitia mfukoni mwa koti. "Na hili nitalisoma lote. Hata likinichukua mwaka."