Majiko Mawili Sebuleni

Nyumba yetu iliyo nje kidogo ya Kitale, upande wa kuelekea Saboti, ina mahali pa kuwashia moto ndani ya sebule. Marehemu mume wangu alipajenga kwa matofali mwaka 1998, kwa kuwa alikulia katika baridi hii na hakuona sababu ya mtu mzima kuketi nyumbani kwake amevaa koti. Mimi nilizaliwa karibu na Kibabii, Bungoma, na niliolewa nikidhani moto ni kitu cha jikoni tu. Hadi alipofariki, mwezi wa Machi mwaka 2017, moto ule ulikuwa kazi yake. Ndiye aliyepasua kuni na kuzipanga chini ya upenu zikakaa mwaka mzima kabla ya kuguswa. Ndiye aliyepanda juu ya paa kila mwezi wa Mei akasugua dohani kwa gunia lililofungwa kwenye kamba. Mimi niliketi nikaota moto.

Baada yake sikuwasha tena. Wageni walipouliza, niliwaambia kwamba tunauwasha siku za baridi kali peke yake, na baridi kali haikufika kamwe wakiwapo.

Jumamosi, tarehe 13 Julai 2024, wakwe walikuwa waje kutoka Bungoma kuzungumzia mahari ya binti yangu wa mwisho. Yeye ni muuguzi, na alikuwa amekwisha kutimiza miaka thelathini na mmoja. Kabla ya hapo ukoo mwingine ulikuja mara moja, ukala, ukashukuru, usirudi. Safari hii aliniambia kwa sauti ya chini, ambayo si yake, "Mama, huyu ndiye. Tafadhali." Nilielewa alichokuwa akiomba. Maneno yalikuwa yamefika Bungoma kwamba mama wa Kitale ana maringo.

Niliazimia wakute sebule yenye joto, na moto unaowaka katika matofali ya mume wangu. Chini ya upenu zilibaki kuni zake za mwisho, za kijivu, zilizopasuka nchani, nyepesi mkononi. Niliziona kuwa duni. Nikaagiza mkokoteni wa mikaratusi kutoka kwa muuzaji wa njia ya Kachibora: kuni nyeupe, zilizonyooka, zenye gamba jipya. Dada yangu mdogo, aliyepanda kutoka Bungoma kunisaidia kupika, alinyanyua moja akaipima kwa mkono.

"Dada, hii bado inalia maji."

"Inapendeza."

"Kwani wakwe watakula kuni? Si tuwashe magunzi? Yale ya stoo yamekauka mpaka yanacheka."

"Magunzi ni ya jikoni. Sitaki isemwe huko kwetu kwamba mjane wa Kitale anawaotesha wakwe magunzi ya mahindi."

"Haya, bibi wa matofali," alisema, akarudi kumenya viazi.

Asubuhi ile niliziwasha zile kuni nzuri. Zilitoa povu kwenye ncha, zikafuka, na moshi wote ukarudi chumbani, kwa sababu juu kabisa ndege walikuwa wamejenga kwa miaka saba bila kusumbuliwa. Kiota kizima kiliporomoka na masizi yake juu ya sakafu niliyokuwa nimeipiga deki. Nilizima, nikafagia, nikakata shauri upesi: niliuziba mdomo wa dohani kwa ubao, nikauficha ubao kwa kitambaa nilichokifuma mwenyewe, kisha nikaagiza majiko mawili ya makaa yaletwe ndani, moja kila upande wa chumba. Mvua ilikuwa imeanza. Nilifunga madirisha yote.

Binti yangu alisimama mlangoni akiwa na sahani mikononi.

"Mama, acha dirisha moja wazi."

"Ili baridi iingie? Makaa yameiva, hayana moshi. Ubaya wa moto ni moshi."

"Si moshi pekee, mama. Makaa yana—"

"Nilisoma kabla hujajua kusoma," nilimwambia. Hilo halikuwa kweli. Niliingia darasa la ngumbaru mwaka 2004, yeye akiwa tayari anajua kusoma, na nikafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2007. Cheti cha mtihani huo nimekitia fremu. Labda ndiyo maana sikustahimili kufundishwa na mtoto wangu siku ya wageni. Aliweka sahani mezani, akaanza kuzipanga. Siku ile ilikuwa yake, naye aliogopa kuiharibu kwa kugombana nami.

Walifika saa nane wakiwa wamelowa: baba wa kijana, mdogo wake, shangazi mmoja mnene mwenye sauti, na kijana mwenyewe, ambaye ni mwalimu. Shangazi aliingia akisugua mikono.

"Haki nyinyi mnaishi ndani ya friji, bana! Tumekuja kuoa ama tumekuja kugandishwa?"

"Kaa huku mwezi mmoja, shangazi, utanenepa," alisema shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliyekuwa msemaji wetu.

"Nitanenepa na masweta!"

Walicheka, wakanyoosha viganja juu ya majiko, wakasifu joto. Nilijaa fahari. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawapeani mikono wala hawakai karibu, lakini siku hizi tunavumilia chumba kimoja. Basi kijana aliketi kando ya mlango wa nje, mimi kando ya mlango wa ndani, nikamtazama baba yake akifungua mazungumzo kwa utaratibu mzuri.

Baada ya muda utaratibu ule ulianza kulegea. Mzee alipoteza mwisho wa sentensi yake, akauliza tumefika wapi. Mdogo wake aliegemeza kichwa ukutani, akafumba macho. Shangazi, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, alinyamaza akawa anajifinya paji la uso. Shemeji yangu naye alipiga miayo, ila mimi niliona miayo ya wageni tu. Kichwa changu kiligonga, nikadhani ni hasira. Nilijiambia: hawa wametoka Bungoma kuja kulala katika nyumba ya mjane, kwa sababu hakuna mwanamume wa kuwaheshimisha.

Katika kikao kama kile mama wa binti hasemi. Mimi nilisema.

"Kama mlikuja kulala, mngetuarifu mapema tuwatandikie."

Binti yangu, aliyekuwa akimimina chai, alinitazama kama mtu anayetazama chombo kikianguka. Shangazi alijishika kwenye meza, akasimama ili anijibu.

"Mama, hatujalala. Ni kichwa tu, kichwa kina..."

Alianguka juu ya vikombe.

Kijana ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa kwamba ni sumu ya makaa. Aliusukuma mlango ukabaki wazi, akakamata jiko la upande wake bila kitambaa, akalitupa uani kwenye mvua. Kisha alirudi kuchukua la upande wangu. Alipita karibu nami kiasi kwamba mkono wa shati lake uligusa goti langu, jambo ambalo halifanyiki, na hakuna aliyelitaja. Binti yangu alikuwa akifungua madirisha huku akipiga kelele, "Wote nje! Hata kama ni mvua, nje!"

Tulimburuta shangazi hadi varandani. Alitapika, akavuta pumzi, akatutambua. Hapo ndipo mvua ya mawe ilipoanza, ikiingia varandani kwa upepo, na wanaume watatu waliotoka kwenye joto la Bungoma walisimama wakitetemeka, midomo imekuwa ya kijivu.

"Njooni jikoni!" dada yangu aliita kutoka ng'ambo ya uwanja. "Huku kuna moto, na hewa inapita!"

Kila mtu alisikia na hakuna aliyesogea. Mkwe wa kiume haingii jikoni kwa mama mkwe, wala baba yake haingii. Afadhali wanyeshewe. Nilitazama maji yakimtiririka mzee yule shingoni, naye akijifanya anatazama mahindi yangu.

Shemeji alinisogelea. "Shemeji," alisema taratibu, "ukikaa sebuleni, usikanyage kule mpaka waondoke, tutasema leo jiko si lako. Ni la dada yako."

Nilikubali kwa kichwa. Wanawake walimbeba shangazi, wanaume wakafuata, wakavuka uwanja.

Nilirudi kuketi peke yangu katika sebule yangu, madirisha wazi, mvua ikilowesha vitambaa. Kutoka pale nilisikia magunzi yakialika. Baadaye nikasikia shangazi, sauti yake imemrudia: "Si mngetuleta huku tangu mwanzo, jameni!" Wakacheka, na shemeji yangu alicheka pamoja nao. Mahari ya binti yangu ilijadiliwa kando ya mafiga, kwa moto wa magunzi, mimi nisiwepo.

Shemeji alikuja mlangoni mvua ilipokatika.

"Wamekubali."

"Wamesema nini kuhusu mimi?"

"Hawakusema kitu."

Afadhali wangesema.

Binti yangu alisisitiza wapitie hospitali mjini, shangazi apimwe, naye aende nao. Walipokuwa wakimsaidia kuingia garini, nilimwona kijana amebaki kwenye tangi la maji, viganja vyake viwili chini ya bomba. Ngozi ilikuwa imeinuka. Angekuwa mtu mwingine yeyote, ningetoka nikaishika mikono ile. Desturi haikuniruhusu kumkaribia, wala kumwambia neno uso kwa uso. Nilisimama dirishani nikamwita binti yangu, nikapaza sauti ili na kijana asikie.

"Mwambie mumeo kwamba mama yako amekosa. Mwambie nilionywa nikakataa."

Nilimwona akifunga bomba. Alizungumza na binti yangu bila kugeuka upande wangu, na binti yangu alikuja dirishani.

"Anasema mikono itapona. Anasema pia, tafadhali, mama asifunge dirisha hata tukienda."

"Mwambie nimesikia," nilisema, nikageukia ukuta, kwa maana machozi yalikuwa yamenishinda na si vizuri mkwe ayaone.