Firigisi ya Antipasi

Antipasi alikuwa nesi mzuri mpaka siku tabibu wa zahanati yao alipohamishwa. Hilo hata mkewe, Aneth, hakulikana. Alijua kuzalisha, alijua kuchanja watoto, na kidonda kilichooza alikisafisha mpaka kikatakata. Lakini tabibu alipoondoka hakuletwa mwingine, na kijiji chao, pembeni ya barabara ya kutoka Mkiwa kwenda Manyoni, hakikukubali kukaa bila daktari. Kikampandisha cheo Antipasi, naye badala ya kukataa akatafuta koti jeupe.

Basi Aneth akajikuta ameolewa na daktari. Kila walikoalikwa, kuku akichinjwa, firigisi iliwekwa mbele ya mumewe, na wazee wenye mvi zao wakaambulia mapaja. Antipasi aliitafuna taratibu huku akitazama mbali, eti anafikiria magonjwa makubwa. Aneth alibana kicheko. Leseni iliyotundikwa sebuleni kwao ilisema wazi kwamba huyu ni muuguzi, lakini siku hizi aling'oa meno, alipasua majipu ambayo hakupaswa kuyagusa, na magonjwa ya moyo aliyatambua kwa kukunja uso tu. Jambo moja aliliacha kabisa, nalo ni kumwambia mgonjwa, "Hili si langu, nenda mbele." Zamani alilisema bila aibu yoyote. Mla firigisi hasemi maneno hayo.

"Nikimpeleka kila mtu Manyoni, watasema sina kitu," alimwambia mkewe.

"Na kama kweli huna?"

Antipasi akaomba chai.

Ndipo siku moja asubuhi mzee Alute, baba yake Aneth, akaletwa kwa mkokoteni wa punda, amejikunja, mkono kinenani. Alikuwa na uvimbe uliozoea kutoka na kurudi wenyewe kwa miaka mingi. Safari hii ulitoka ukagoma kurudi, na mzee alikuwa anatapika. Hapo daktari wetu akakwama. Kwao mkwe haoni utupu wa baba mkwe, awe mzima au mgonjwa. Mtu mwenye akili timamu angeshukuru, maana alikuwa na sababu mbili za kumpeleka mbele: kazi haikuwa yake, na mgonjwa hakuwa wa kuvuliwa suruali na yeye. Lakini baraza la zahanati lilikuwa limejaa watu, na wote walikuwa wanamtazama.

"Shikamoo, baba," alisema, macho ukutani.

"Marahaba, daktari. Nakufa mwenzenu."

"Hufi, baba. Huo ni mtoki."

Alisema hivyo mikono ikiwa mfukoni na mkanda wa mzee ukiwa umefungwa vilevile ulivyokuja. Kisha akamchoma sindano ya mkononi, ili pasiteremshwe kitu, akaagiza apelekwe nyumbani kupumzika.

Kufikia mchana tumbo la mzee lilikuwa limevimba na kukaza. Aneth hakujua ule uvimbe unaitwaje. Alijua tu kwamba aliyeupa jina hakuwa ameuona. Akaenda zahanati, akamkuta mumewe anampa mtu ushauri wa figo.

"Umemwangalia baba?"

"Aneth, yule ni mkwe wangu."

"Kwa hiyo hujamwangalia."

"Sindano bado haijafanya kazi. Tuwe na subira."

"Baba Pendo, baba yangu anakufa ili wewe usionekane nesi," alisema Aneth, na watu wote barazani walisikia.

Hakungoja jibu. Alikwenda kumwita Amosi mwenye Noah, wakamlaza mzee kiti cha nyuma, wakaondoka. Antipasi alisimama mlangoni na koti lake. Huko Manyoni daktari, ambaye hakuwa mkwe wa mtu, alifungua ule mkanda, akaangalia, akaita watu wa upasuaji papo hapo. Ilikuwa ngiri, na utumbo ulikuwa umebanwa mpaka kipande kimekuwa cheusi. Wakakikata. Daktari aliwaambia kuwa wangengoja mpaka jioni, wangerudi na maiti.

Mzee aliporuhusiwa kutoka, Aneth alichinja kuku. Antipasi alikuja kula bila koti, akakaa karibu na mlango.

"Mpe daktari firigisi," alisema mzee Alute kwa mazoea.

"Daktari yuko Manyoni, baba."

Aneth akaichukua firigisi, akaitia mdomoni mwake mwenyewe. Mwanamke hafanyi hivyo mbele ya baba yake, wala mbele ya mumewe, na mzee alibaki amemkodolea macho, ameshika mshono wake. Akamgeukia mkwe, akangoja akemee.

Antipasi alitazama sahani yake, ambako aliwekewa shingo.

"Nisamehe, baba," alisema. "Sikuangalia."

Aneth alikuwa bado anatafuna.